Mke wa Dukani: Mshahara, Ubia au Leseni Yake?

"Nikimwandika mke wangu kuwa mfanyakazi wa duka, kodi yangu itapungua?" Swali hili huja hasa baada ya mavuno, pesa ya mahindi inapoanza kuzunguka na awamu ya kodi ya mwisho wa Septemba inapokaribia. Anayeuliza huwa kasikia kwa mtu wa Songea mjini, ambaye naye kasikia kwa ndugu yake wa Dar es Salaam, kwamba wenye maduka makubwa ndivyo wanavyofanya. Kwa wafanyabiashara wengi wa Mpitimbi jibu ni fupi: haitapungua hata shilingi moja. Wapo wachache ambao kodi yao itapungua, na zipo njia nyingine mbili ambazo kwa kodi peke yake zinaishinda hiyo ya mshahara. Zote nitazipigia hesabu hapa, maana neno "unafuu" lisilo na tarakimu limewatia watu wengi hasara.

Mpitimbi ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Songea, kusini mwa mji, upande wa kuelekea mpaka wa Msumbiji. Riziki ya huku ni mahindi. Kuna anayelima, kuna anayenunua na kuhifadhi, na katikati yao kuna mashine za kusaga na kukoboa, maduka ya rejareja, wauza mbolea na mbegu, magenge na mama ntilie. Nyingi ya biashara hizi zinaendeshwa na watu wawili, mume na mke, ingawa leseni ina jina moja. Mume yuko njiani na lori au yuko shambani. Mke ndiye anayejua nani anadaiwa, madebe mangapi yamesagwa leo na dizeli imebaki kiasi gani.

Nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, kwa hiyo siandiki habari hii kama mtu anayepita.

Tuanze na makadirio, kwa sababu ndiko walipo wengi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamweka mfanyabiashara mdogo kwenye mfumo huo iwapo ni mtu binafsi mkazi wa nchini, mapato yake yote yanatokana na biashara iliyopo Tanzania, na mauzo yake ya mwaka hayazidi kikomo, ambacho mwaka 2022 kilikuwa shilingi milioni 100. Jambo la kushika hapa ni kwamba kodi ya makadirio hupigwa kwenye mauzo. Faida haiulizwi. Ukimlipa mkeo laki tatu kila mwezi, mauzo yako yanabaki yale yale, na kodi inabaki ile ile. Mshahara wa mke, kodi ya pango, dizeli, magunia yaliyoliwa na panya, vyote hivyo makadirio hayavioni.

Viwango ninavyotumia ni vile vya mwaka 2022. Bunge hugusa viwango kila Juni na mabadiliko huanza Julai, kwa hiyo kabla hujalipa, peleka tarakimu zako ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, Songea wakupigie upya. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Ukivuka milioni 11 mpaka 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo, na mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, inakuhusu.

Chukua duka la rejareja linalouza milioni 9 kwa mwaka. Bila daftari, kodi ni 250,000. Likiwa na daftari la mauzo linaloeleweka, kodi ni 90,000 na 60,000 juu yake, yaani 150,000. Daftari limeokoa laki moja. Sasa mwandike mke kuwa mfanyakazi kwa 300,000 kwa mwezi. Kodi haishuki, lakini mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unataka asilimia 20 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mwajiriwa, yaani 60,000 kila mwezi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unataka nusu asilimia, ambayo ni 1,500. Kwa mwaka zinatoka 738,000 taslimu kwenye nyumba ambayo duka lake huenda halizalishi hata milioni mbili za faida. Mshahara wenyewe ni 3,600,000, pesa ambayo duka hilo halina. Na kushusha mshahara hadi elfu hamsini ili karatasi zikae sawa ni kosa jingine, kwa sababu serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na hakuna kipengele kinachosema mke alipwe chini yake.

Kwa duka hili, basi, nunua daftari. Mke ndiye atakayeliandika, kama anavyoliandika siku zote.

Hesabu inakuwa na utamu zaidi biashara ikikua. Mtu ana mashine ya kusaga na kukoboa, ananunua mahindi msimu na kuyauza yakipanda, na pembeni ana duka. Mauzo yote pamoja ni milioni 60 kwa mwaka. Kwa makadirio analipa asilimia 3.5, yaani 2,100,000. Lakini mauzo ya mahindi ni mengi kwa sura tu. Gunia linapita mkononi, linaacha faida nyembamba, linaondoka. Tuseme mwisho wa mwaka, baada ya kuondoa manunuzi, dizeli, vibarua, magunia na usafiri, amebakiwa na faida ya milioni 6.

Sheria inampa mtu huyu haki ambayo wengi hawajaisikia: anaweza kuandika barua akachagua kutoka kwenye makadirio na kutozwa kwa hesabu, yaani kwenye faida. Viwango vya mtu binafsi tangu Julai 2021 ni hivi: milioni 3.24 za kwanza kwa mwaka hazina kodi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Hadi 9,120,000 ni asilimia 20. Hadi 12,000,000 ni asilimia 25. Zaidi ya hapo ni asilimia 30. Faida ya milioni 6 inazaa kodi ya 220,800. Linganisha na 2,100,000 za makadirio. Tofauti ni 1,879,200, na mke hajaingia popote kwenye hesabu hiyo. Ukimlipa mhasibu anayejua kazi yake bado unabakiwa na pesa ya mbolea.

Si kila mtu ananufaika. Kwa mauzo hayo hayo ya milioni 60, faida ikipita 13,880,000 hivi, kama asilimia 23 ya mauzo, makadirio ndiyo nafuu. Mwenye mgahawa unaolipa vizuri anaweza kuwa upande huo, lakini mlanguzi wa mahindi ni nadra sana. Pia kutozwa kwa hesabu kuna kazi yake: risiti za manunuzi, orodha ya wakulima uliowanunulia, vocha za vibarua, hesabu ya mali ghalani, na vyote vitunzwe miaka mitano. Mtu anayeweka risiti kwenye mfuko wa shati na kuzifua Jumamosi asijaribu kabla hajabadili tabia.

Ni baada ya kuingia kwenye hesabu ndipo mshahara wa mke unapoanza kuhesabika. Kwenye faida, mshahara ni gharama kama dizeli. Nao wanandoa hutozwa kila mmoja kivyake, kwa hiyo kila mmoja ana milioni 3.24 zake zisizo na kodi, na za mke anayefanya kazi bila jina huwa zinapotea bure kila mwaka.

Turudi kwa mwenye mashine, safari hii faida yake iwe milioni 12. Akiwa peke yake kodi ni 1,536,000. Akimwajiri mke kwa 300,000 kwa mwezi, anaondoa 3,600,000 za mshahara, 360,000 za NSSF upande wa mwajiri na 18,000 za WCF. Faida inashuka hadi 8,022,000 na kodi inashuka hadi 596,400. Mke naye anakatwa 30,000 za NSSF kila mwezi, anabaki na 270,000 za kutozwa, na 270,000 ndicho kile kiwango ambacho hakina kodi ya mshahara. Hadaiwi kitu. Kodi ya mume na mke pamoja imeshuka kwa 939,600. Ukitoa 738,000 zilizokwenda NSSF na WCF, mkononi zinabaki 201,600, na kule NSSF mke ana 720,000 zilizoandikwa kwa jina lake.

Faida ikiwa milioni 18, mume peke yake angelipa 3,336,000. Mke akiajiriwa kwa mshahara ule ule, kodi ni 2,142,600. Punguzo ni 1,193,400, na baada ya michango mkononi zinabaki 455,400. Lakini faida ikiwa ile milioni 6, mshahara unaifuta kodi yote ya 220,800 huku nyumba ikitoa 738,000. Pungufu ni 517,200. Hapo huwezi kusema umekwepa kodi kwa akili. Sema umeamua kumwekea mke akiba ya uzeeni na sehemu ya akiba hiyo imelipiwa na kodi uliyookoa. Ni uamuzi mzuri kama ndivyo ulivyokusudia.

Tozo ya ufundi stadi, SDL, isikutishe. Humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea.

Kinachopaswa kukutisha ni mshahara wa kwenye karatasi. Afisa wa kodi akija ataanza na swali la kawaida kabisa: pesa ilipita wapi? Mshahara wa kweli una njia. Unaondoka kwenye akaunti ya biashara au kwenye simu ya biashara, unaingia kwenye akaunti au simu ya mke, tarehe zinafuatana, na mke anautumia apendavyo. Mshahara uliotumwa asubuhi na kurudishwa jioni unaonekana kwenye muamala wenyewe. Kiasi nacho kifanane na ambacho ungemlipa mtu baki kwa kazi hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato inataka gharama iwe imetumika kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu, inataka biashara kati ya watu wa karibu iwe kama ya watu baki, na inamruhusu Kamishna kurekebisha hesabu akiona mapato yamegawanywa ili kodi ipungue. Muuza duka wa kijijini aliyeandikiwa 1,500,000 kwa mwezi kwa sababu ni mke wa mwenye duka, hesabu yake itarudishwa.

Halafu kuna sheria ya ajira. Ukishamwajiri, awe mkeo awe nani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84 na mshahara wake. Nayasoma haya nikimkumbuka mama aliyefungua mlango wa mashine saa kumi na moja alfajiri na kufunga duka saa tatu usiku, siku sita za wiki. Ukizipiga saa zake, wiki yake ilikuwa zaidi ya wiki mbili za sheria. Mume anayeandika mkataba wa mkewe kwa uaminifu atagundua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba anamdai kazi ambayo asingethubutu kumdai kijana wa kuajiriwa.

Kwa upande wa mashine nina neno la pekee. Mkanda wa kinu hauna macho. Kanga inanaswa, mkono unafuata. Mfanyakazi aliyesajiliwa WCF akiumia kazini ana haki ya matibabu na fidia. Mke asiye mfanyakazi wa karatasi, anayeshika debe hilo hilo karibu na mkanda huo huo, hana. Kwa nyumba yenye mashine, mchango wa 18,000 kwa mwaka ningeutoa hata kama kodi isingepungua kabisa.

NSSF nako kuna ya kuzingatia. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka kumi na mitano. Mke wa miaka 35 anaifikia bila shida. Wa miaka 52 aulize kwanza atapata nini miezi isipotimia. Fao la uzazi linahitaji michango ya miezi 36. Na tena, mke anaweza kujiunga NSSF mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, bila mwajiri. Kwa hiyo kama lengo lako lote ni akiba yake, huna haja ya kuunda ajira.

Njia ya pili ni mke kuwa na biashara yake, leseni yake na namba yake ya mlipakodi, TIN. Hii ndiyo inayowafaa wengi wa makadirio. Tuseme nyumba inauza milioni 16 kwa mwaka: milioni 8 dukani, milioni 8 kwenye mgahawa wa mke pale karibu na mnada. Vyote vikiwa kwa jina la mume, kodi ni asilimia 3.5, yaani 560,000, na mashine ya EFD juu yake. Mgahawa ukiwa wa mke kweli, kila mmoja mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na 30,000, yaani 120,000. Jumla 240,000. Nyumba imeokoa 320,000, itoe gharama ya leseni ya pili.

Nimesema "kweli" kwa makusudi. Mgahawa ulikuwa wake tangu mwanzo: mtaji alichanga kwenye kikoba, masufuria ni yake, anajua bei ya mchele na maharage, na pesa ya mauzo inalala kwake. Hapo kutenganisha ni kuweka wazi kilichokuwepo. Kulikata duka moja katikati kwa kamba, sukari upande wa baba na sabuni upande wa mama, droo moja, mzigo mmoja kutoka Songea, hakumdanganyi mtu. Ofisa akirudi kuunganisha mauzo utalipa ya nyuma na adhabu juu yake, kiasi ambacho kitazimeza zile 320,000 za miaka kadhaa.

Mwanamke mwenye biashara kwa jina lake anapata na mengine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake wenye leseni zao kinaingia pale na kitu cha kuonyesha. Na mwenye duka la jumla mjini akishazoea jina lake kwenye risiti, siku moja atampa mzigo wa mkopo bila kuuliza mume yuko wapi.

Hapa kuna mtego ambao sijaona ukisemwa. Mfumo wa makadirio unataka mapato yote ya mtu yatoke kwenye biashara. Mke mwenye mgahawa wake wa makadirio, ukimwajiri pia dukani kwa mshahara, umemtoa kwenye sharti hilo. Chagua moja: mshahara kwako, au makadirio yake. Vyote viwili vitamsukuma kwenye hesabu kamili kwa biashara ya masufuria manne.

Na huku kwetu wafanyabiashara wengi wameoa walimu na wauguzi. Mwalimu mwenye mshahara wa serikali tayari amezitumia zile milioni 3.24 zake zisizo na kodi, na huenda ameshapanda ngazi za juu. Mshahara wa pili kutoka dukani utaangukia juu ya ule wa kwanza na kutozwa kwa kiwango cha ngazi aliyopo. Faida yote ya hesabu niliyoipiga juu inatoweka. Kwa nyumba hizo mshahara wa dukani usifikiriwe.

Njia ya tatu ndiyo ninayoona wanandoa wengi wenye mashine na maghala wangepaswa kuizungumza, na hawaizungumzi: ubia. Mnasajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, mkiwa wawili, mnaandika hati ya ubia, mnasema nani kaweka nini na faida mnagawana vipi. Ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Faida inagawanywa na kila mbia anatozwa sehemu yake. Chukua ile faida ya milioni 12. Mume peke yake: 1,536,000. Wabia wawili wa nusu kwa nusu: kila mmoja ana milioni 6, kila mmoja analipa 220,800, jumla 441,600. Nyumba imeokoa 1,094,400, na hakuna mchango wa lazima wa NSSF. Kwa faida ya milioni 18, kila mbia ana milioni 9, analipa 792,000, jumla 1,584,000 badala ya 3,336,000. Tofauti ni 1,752,000.

Kwa tarakimu, basi, ubia unaushinda mshahara kwa mbali. Bei yake ni ya namna nyingine. Mnatoka kwenye makadirio, lazima mtunze hesabu na kuwasilisha ritani za ubia na za kila mbia. Na mbia anabeba deni la biashara. Lori la mahindi likipinduka na mkopo wa benki umesainiwa na ubia, mke anadaiwa pamoja na mume, na shamba alilorithi kwao linaweza kuguswa. Mume mwenye madeni yasiyojulikana asimwingize mkewe kwenye ubia kabla hajayaweka mezani yote. Mke anayeombwa kusaini hati ya ubia adai kuona kwanza daftari la madeni, na akinyimwa asisaini.

Ni lazima pia nusu ya mke iwe nusu kweli. Mwaka 2007 huko Uingereza, shauri la Jones na Garnett lilifika kwa majaji wa juu wa wakati ule, waliokuwa ndani ya Bunge la Malodi. Mume alikuwa mtaalamu wa kompyuta, mke alishughulikia mambo ya ofisi, na kila mmoja alikuwa na hisa moja kati ya mbili za kampuni. Mamlaka ya kodi ilitaka gawio la mke lihesabiwe kuwa la mume. Wanandoa walishinda, na kilichowabeba ni kwamba hisa ya mke ilikuwa hisa kamili, yenye haki zote za mmiliki. Sheria za kule si zetu, lakini mbia wa Mpitimbi ajiulize swali hilo hilo: mkiachana kesho, nusu hiyo anaondoka nayo? Kama jibu lako ni hapana, umeandika uongo kwenye hati.

Kampuni nitaipita haraka. Kodi yake ni asilimia 30 ya faida tangu shilingi ya kwanza, bila zile milioni 3.24, na gawio linakatwa asilimia 10. Kwa mashine moja na ghala moja, ni kanzu ya mtu mkubwa aliyovikwa mtoto.

Swali la ndoa lenyewe limo ndani ya haya yote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana kwa jina la mmoja hudhaniwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili hudhaniwa ni ya nusu kwa nusu. Kwa hiyo jina unaloandika BRELA na kwenye leseni linasema kitu hata nje ya TRA. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwanamke na mwanaume walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuheshimiwa kama mume na mke hudhaniwa wameoana. Mwenye kuishi na mwenzake bila cheti asidhani hayamhusu. Na mwenye wake wawili, mmoja Mpitimbi na mwingine mjini, akiandika jina la mmoja kwenye hati ajue amemwandikia na mwingine ujumbe. Ni bora aseme kwa mdomo kwanza.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni juhudi zinazohesabika katika kuchuma mali ya ndoa. Wanawake wengi huishikilia hukumu hiyo, na wana haki. Wanachosahau ni mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu aliyoiomba, kwa sababu ilionekana mume alikuwa amempa pesa za kuanzisha mradi na pesa hizo hazikutumika kwa mradi. Laiti pande zote mbili zingekuwa na maandishi ya nani alitoa nini na kikaenda wapi, wasingefika mahakama ya juu kabisa ya nchi kubishania nyumba.

Mama yangu hakuwahi kufika mahakamani. Baba alipofariki, leseni ilikuwa na jina la baba, TIN ya baba, mkataba wa eneo la mashine jina la baba. Kikao cha ukoo kilikaa siku ya tatu baada ya tanga. Mtu mmoja, mkubwa wa umri, aliuliza mashine itakuwa chini ya nani, na mama alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Hakuna aliyekusudia kumtukana. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza ng'ombe wa marehemu wako zizi gani. Ilichukua miezi, na safari nyingi za Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya usimamizi wa mirathi, mashine ikiwa imezimwa na wateja wakipeleka mahindi yao kwingine.

Kama baba angeniuliza wakati ule, na ningekuwa najua ninachokijua leo, nisingemwambia amwajiri mama. Ningemwambia waandikishe ubia, na kama ubia ulimtia woga kwa sababu ya madeni, duka lile dogo la pembeni aliandikishe kwa jina la mama, leseni na TIN vyake, mashine ibaki kwake. Kodi ingeshuka kidogo. Mama angekuwa na karatasi moja yenye jina lake ya kuweka kwenye mkeka ule.

Madaftari yao ninayo, kumi na manne, ya jalada gumu, yamekula vumbi la unga mpaka kurasa zinateleza. Debe, tarehe, jina la mteja, kiasi alicholipa, kiasi anachodaiwa; aliyelipa deni amepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ukurasa hadi ukurasa mwandiko ni wa mama. Kwenye kila jalada, kwa herufi kubwa alizoziandika yeye mwenyewe, limeandikwa jina la baba.